Mafua, homa na vipele: kutafuta chanzo dalili kwa dalili

Mzazi akinionyesha vipele, swali lake huwa moja: hivi ni vya nini? Mimi sianzi kwa kuvitazama. Nauliza kwanza homa ilianza siku gani, vipele vilitokea siku ya ngapi, vilianzia wapi mwilini, na mgonjwa ametumia dawa gani katika wiki mbili zilizopita. Virusi vinavyoleta mafua na kikohozi ni vingi, na vipele vyake hufanana kiasi kwamba hata daktari mzoefu akipewa picha tupu hubahatisha. Tarehe ndizo hazifanani. Kwa hiyo kabla hujasoma sehemu yoyote hapa chini, chukua karatasi uandike majibu ya maswali hayo manne. Utayahitaji karibu kila mahali.

Vipele hivi hutokea kwa njia mbili. Ama virusi vyenyewe vimesafiri kwa damu vikafika kwenye ngozi, ama kinga ya mwili inapopambana navyo hutanua mishipa midogo ya ngozi. Njia ya pili ndiyo sababu vipele vingi huibuka mgonjwa akiwa tayari anapata nafuu, na familia hudhani ugonjwa umeanza upya. Na kwa kuwa chanzo kiko ndani, kupaka dawa ya fangasi au krimu yoyote ya kuokoteza hakupunguzi hata siku moja.

Ukaguzi wa dakika mbili

Chukua glasi isiyo na rangi, kandamiza ubavu wake juu ya vipele, utazame kupitia kioo. Vikififia, damu bado iko ndani ya mishipa yake. Visipofifia, damu imevujia kwenye ngozi, na hilo hubadilisha kila kitu.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaosomwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Vipele huonekana kama weusi uliozidi, kahawia au zambarau, na wakati mwingine havionekani kabisa bali husikika kwa mkono. Msogeze mgonjwa karibu na dirisha, pitisha kiganja polepole mgongoni na tumboni. Kisha tazama mahali ambapo rangi ni hafifu: ndani ya kope la chini, kaakaa, viganja na nyayo. Madoa ya damu hujionyesha huko mapema.

Acha kusoma na mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi ukiona lolote kati ya haya:

- Ana homa na madoa yasiyofifia chini ya glasi.
- Shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho, amechanganyikiwa, haamshiki vizuri, au amepata degedege.
- Anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au midomo imekuwa ya bluu au kijivu.
- Ulimi, midomo au koo vinavimba, sauti imebadilika ghafla.
- Ngozi inauma kama iliyoungua, inatoa malengelenge na kuchubuka, au kuna vidonda mdomoni pamoja na machoni au sehemu za siri.
- Ni mtoto wa chini ya miezi 3 na joto limefika 38 °C.
- Hanywi, hanyonyi, au hajakojoa kwa zaidi ya saa 8.

Mjamzito, mwenye seli mundu, na mwenye kinga dhaifu kwa sababu ya ugonjwa au dawa waonwe siku hiyohiyo hata kama wanajisikia vizuri. Sababu zitaonekana mbele.

Dalili: vidoa kama ncha ya sindano, havififii

Sababu ya kawaida zaidi ni ndogo: kukohoa au kutapika kwa nguvu kumepasua mishipa midogo. Vidoa hivyo hukaa usoni, shingoni na sehemu ya juu ya kifua tu, havishuki chini ya chuchu. Inayofuata ni virusi vyenyewe, hasa vya jamii ya adeno na entero. Mara chache, wiki moja hadi tatu baada ya mafua ya kawaida, chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hushuka. Mtoto anacheza vizuri lakini ana michubuko asiyojua ameipata wapi, na puani au kwenye fizi damu inatoka. Sababu ya mwisho ni adimu kuliko zote nayo huua kwa saa chache: bakteria wa meningokoko kwenye damu, ambao siku ya kwanza huanza kama mafua yoyote, kwa homa, maumivu ya miguu na mikono kuwa ya baridi.

Kwingine katika mwongozo huu nitakuomba uanze na sababu ya kawaida. Hapa usifanye hivyo. Kutofautisha hizi nne si kazi ya nyumbani. Kunahitaji kipimo cha damu na jicho la daktari. Usisubiri shingo ikakamae, kwani si kila mgonjwa wa meningokoko hupata dalili hiyo, na wanaoipata huchelewa kuipata. Hata vidoa vya usoni tu baada ya kukohoa vionwe siku hiyohiyo.

Dalili: vipele vidogo kifuani na mgongoni, mgonjwa ana nguvu zake

Mara nyingi ni virusi vya kawaida vya mafua. Hutokea siku ya pili hadi ya nne, haviwashi sana, hufifia chini ya glasi, na huondoka vyenyewe ndani ya siku chache. UVIKO-19 nao huweza kuvileta.

Angalia kwanza kama si harara ya joto. Mtoto mwenye homa hufunikwa mablanketi, jasho linaziba, na vijipele vidogo vinajaa shingoni, kwapani na mgongoni pale nguo ilipobana. Mvue, mwache kwenye hewa, umwogeshe maji ya uvuguvugu. Harara hupungua ndani ya siku moja au mbili; vya virusi havijali.

Kisha pitisha mkono. Ngozi ikikwaruza kama msasa, koo linauma sana, kikohozi hakipo, na ulimi umekuwa mwekundu wenye vinundu, shuku homa ya skaleti. Hiyo si virusi bali bakteria wa streptokoka, na ndiyo maana imo humu: inahitaji penisilini au amoksisilini, kwa kawaida kwa siku 10 kamili, ili kumkinga mtoto na homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Dawa haianzwi kwa kubahatisha, koo lipimwe.

Dalili: homa kali siku tatu, imeshuka, na sasa vipele

Ikiwa mtoto ana umri wa miezi 6 hadi miaka 2, karibu kila mara hii ni rozeola, inayoletwa na virusi vya herpesi namba 6 au 7. Joto hupanda hadi 39 au 40 °C kwa siku tatu hadi tano, makamasi kidogo, mtoto analia. Halafu homa inakatika ghafla, na ndani ya saa chache vipele vidogo vya waridi hujaa kiwiliwili. Wakati huo ugonjwa umekwisha. Homa ikipanda kwa kasi huweza kuleta degedege. Likitokea, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, umpeleke hospitali.

Kosa linalojirudia hapa linaniuma. Siku ya pili ya homa mtoto anapewa antibayotiki. Siku ya nne homa inakatika, vipele vinatoka. Mzazi anaona mambo mawili: dawa imeponya, na dawa imemletea mzio. Yote mawili si kweli. Lakini kwenye kadi yake linaandikwa neno "mzio wa penisilini," na miaka mingi baadaye, akiwa na nimonia, ananyimwa dawa ambayo ingemfaa kuliko zote. Ikiwa mwanao ana alama hiyo kwenye kadi na historia yake ni hii, mwombe daktari ilichunguzwe upya. Usijaribu mwenyewe kumpa dawa ile nyumbani ili uone.

Dalili: homa, kikohozi, macho mekundu, na vipele vimeanzia usoni

Mpangilio wa sababu hutegemea kadi ya chanjo. Aliyekamilisha dozi mbili za surua, sababu ya kwanza ni virusi vya adeno au vingine vya mafua. Aliyechanjwa siku 7 hadi 12 zilizopita, huenda ni chanjo yenyewe inafanya kazi, huisha haraka. Asiyechanjwa, au aliyepata dozi moja tu, fikiria surua kabla ya kitu kingine chochote.

Surua ina ratiba yake. Siku tatu au nne za mwanzo ni homa inayopanda, kikohozi kikavu, makamasi, na macho yanayotoka machozi na kukimbia mwanga. Mtoto huonekana mnyonge kupita mafua ya kawaida. Mwangazie tochi ndani ya mashavu, mkabala na magego: vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya ngozi nyekundu vilielezwa na daktari wa watoto Henry Koplik wa New York mwaka 1896, na bado ndiyo alama inayosaidia kuliko zote, kwani hutangulia vipele kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo vipele huanzia nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, hushuka usoni, shingoni, kiwiliwilini, hadi miguuni, vikiungana kuwa mabaka. Huondoka kwa mpangilio uleule, na ngozi hubambuka maganda membamba kama pumba. Vipele vilivyoanzia tumboni na kupanda juu haviendi kama surua.

Ukishuku surua, piga simu hospitali kabla ya kwenda. Virusi hivi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaribiana naye, takriban 9 huambukizwa. Benchi la kusubiria lenye wachanga na wajawazito ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya kumkalisha. Huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada yake.

Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Kinachookoa ni vitamini A, inayotolewa mara moja kwa siku, siku mbili mfululizo: uniti (IU) 50,000 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea. Hutolewa na mhudumu wa afya, maana ikizidi huwa sumu. Hulinda macho na hupunguza vifo. Pamoja nayo, maji mengi, chakula kama kawaida, na kuoga. Hakuna sababu ya kumnyima vyote hivyo. Nimonia ndiyo muuaji mkuu, kwa hiyo hesabu pumzi zake akiwa ametulia. Homa inayorudi baada ya vipele kuanza kufifia ni ishara kwamba bakteria wameingia, rudi hospitali.

Ndugu zake wasiochanjwa wana saa 72 tangu kukaribiana na mgonjwa ambamo chanjo bado inaweza kuwazuia wasiugue. Uliza siku hiyohiyo.

Rubela ni nyepesi zaidi. Homa ndogo, tezi zinazouma nyuma ya masikio, vipele vya siku tatu. Mtoto hasumbuki. Hatari yote iko kwa mjamzito aliyekaribiana naye, hasa katika wiki 12 za mwanzo, kwani mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na kasoro za moyo. Mama huyo apimwe damu kujua kama ana kinga. Asiambiwe tu asiwe na wasiwasi.

Dalili: mashavu mekundu kama aliyepigwa kofi

Parvovirusi B19. Mafua mepesi wiki moja nyuma, kisha mashavu yanawaka, kisha mikononi na mapajani unatokea mchoro kama wavu unaokwenda na kurudi kwa wiki kadhaa, hasa akipata joto au jua. Mchoro ukionekana, muda wa kuambukiza umeshapita. Hakuna haja ya kumfungia ndani. Watu wazima, wanawake zaidi, hawapati mashavu hayo bali viungo vya vidole na magoti kuuma.

Virusi hivi husimamisha kwa siku kadhaa utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Mwenye damu nzuri hahisi kitu. Mwenye seli mundu, ambaye chembe zake huishi muda mfupi, huweza kuishiwa damu ghafla: anapauka, anachoka, moyo unakwenda mbio. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Mjamzito aliye chini ya wiki 20 naye apimwe.

Dalili: mabaka yaliyovimba, yanawasha, yanahama

Kama aliyeguswa na upupu. Asubuhi yako tumboni, mchana yametoka hapo yamekwenda mapajani. Kila baka hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama.

Familia nyingi huanza kusaka chakula: ni yai, ni samaki, ni karanga. Kwa mtoto mwenye mafua, maambukizi ya virusi ndiyo chanzo kinachoongoza cha mabaka ya ghafla ya namna hii. Chakula hujitokeza ndani ya dakika hadi saa mbili baada ya kuliwa, si siku tatu za mafua. Usimfutie mtoto vyakula kwa kubahatisha. Mpe dawa ya mzio isiyoleta usingizi sana, kama setirizini, kwa kipimo cha umri wake, mwepushe na joto kali, uvumilie. Huweza kuja na kupotea kwa wiki mbili au zaidi. Zungushia baka moja kwa kalamu. Likiwa palepale kesho yake wakati kama huo, linauma kuliko kuwasha, au limeacha alama ya mchubuko, si aina hii, na daktari alione. Midomo au ulimi vikivimba, rudi kwenye orodha ya juu.

Dalili: malengelenge

Mahali yalipo husema mengi. Mdomoni, viganjani, nyayoni na makalioni kwa mtoto mdogo ni ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, wa virusi vya koksaki na wenzake. Tatizo kubwa ni kwamba mdomo unauma hadi anakataa kunywa. Maji baridi kidogokidogo na parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 6, humvusha. Akianza kushtukashtuka usingizini, kuyumba akitembea au kutapika mfululizo, mpeleke.

Yaliyotapakaa mwili mzima hadi kichwani, mengine mapya, mengine yamejaa maji, mengine yamekauka kwa wakati mmoja, ni tetekuwanga. Huambukiza hadi yote yakauke. Epuka ibuprofeni, maana imehusishwa na maambukizi mabaya ya bakteria kwenye ngozi ya wagonjwa hawa. Mtu mzima, mjamzito na mwenye kinga dhaifu hunufaika na asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, inayofanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 24 za vipele. Malengelenge magumu yenye kibonyeo katikati na tezi zilizovimba yanaweza kuwa mpox. Kaa mbali na wengine, piga simu. Kishada kimoja pembeni mwa mdomo ni herpesi iliyoamshwa na homa. Usimbusu mtoto mchanga.

Kwa ugonjwa wowote humu, mtoto asipewe aspirini bila agizo la daktari. Pamoja na virusi huweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Dalili: vipele baada ya kuanza dawa

Kijana mwenye koo linalouma vibaya, tezi kubwa shingoni na uchovu wa ajabu, akipewa amoksisilini, huweza kujaa vipele mwili mzima. Mara nyingi koo hilo halikuwa la bakteria bali la virusi vya Epstein-Barr, na vipele vimetokana na mchanganyiko wa virusi na dawa. Acha dawa kwa ushauri wa daktari, na asicheze mpira wala kubeba vizito kwa wiki kadhaa, kwani bandama lililovimba huweza kupasuka.

Vipele vya mzio wa dawa mara nyingi huchelewa siku 5 hadi 14 tangu dawa ianzwe. Mzio ulioanza na midomo kuwaka, macho kuuma na malengelenge ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, mzio hatari unaochubua ngozi, hadi ithibitishwe vingine, hasa kama dawa ni ya salfa, ya kifafa au ya gauti. Dozi inayofuata isinywewe. Nenda na maboksi yote ya dawa.

Dalili: homa siku ya tano, haijashuka

Macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, mikono na miguu iliyovimba, tezi shingoni: ni ugonjwa wa Kawasaki, uliotangazwa na Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967. Huwapata zaidi walio chini ya miaka 5 na hutanua mishipa inayolisha moyo. Matibabu yanatakiwa kabla ya siku ya 10, na hapo ndipo karatasi yako ya tarehe inapolipa. Dalili karibu hizohizo pamoja na maumivu makali ya tumbo, wiki 2 hadi 6 baada ya UVIKO-19, ni mwitikio wa kinga uliopitiliza. Dalili huweza kuja moja baada ya nyingine, kwa hiyo mweleze daktari hata ile iliyokwishaondoka.

Dalili: puani, mdomoni na kifuani tu

Ngozi iliyochubuliwa kwa kufuta makamasi. Paka mafuta mazito. Kifuani, ulipopaka marhamu ya kafuri au mentholi, ni mwasho wa marhamu hiyo: oshea kwa sabuni, acha. Haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Dalili: mafua yameisha, ngozi bado

Weusi ulioachwa na vipele hufifia kwa miezi. Hauhitaji krimu ya kung'arisha. Kucha huweza kung'oka mwezi mmoja au miwili baada ya ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, na mpya hukua chini yake. Nywele nyingi kudondoka miezi miwili au mitatu baada ya homa kali nako hurekebika kwenyewe. Baka moja kubwa lililofuatwa na madogo mengi mgongoni, yakifuata mbavu, kwa kawaida ni pitiriasi rozea, ya wiki 6 hadi 8. Mtu mzima mwenye mabaka hayo apime na kaswende, hasa yakiwa yamefika viganjani na nyayoni.